Chotara wa Malaba

Millicent Alupo alikuwa katikati ya kichwa cha bibi harusi, mistari ya mbele imekamilika na ya nyuma haijaanzwa, dereva Kariuki alipoingia saluni amekumbatia mbwa. Wateja waliinua miguu. Mbwa mwenyewe hakuwa wa kutisha. Alikuwa mdogo, mweupe chini ya vumbi, na manyoya yake yalikuwa yamejisokota yakashikamana kama mkeka uliolowa mvua. Macho yake hayakuonekana.

Kariuki alieleza shida yake akiwa bado mlangoni. Mbwa alikuwa wa aina ya pudo, wale wa Kizungu wa manyoya ya kujisokota, jike, na Kariuki alikabidhiwa Nairobi ampeleke kwa mama mmoja wa Kampala. Pale mpakani watu wa mifugo walitaka kuona karatasi za chanjo, naye hakuwa nazo. Mama wa Kampala alipigiwa simu, akasema yuko kwenye mkutano, na tangu hapo simu yake ikawa haishikwi. Mbwa aliishi ndani ya kabini ya lori muda wote wa foleni, na foleni ya malori ya Malaba wakati huo ilikuwa ile ya mtu kufua nguo, kuzianika na kuzivaa kabla gari halijasogea. Sasa zamu ya Kariuki kuvuka ilikuwa imefika.

"Mama Sharlyne," alimwambia Alupo, "nikimwacha barabarani atakanyagwa. Kaa naye tu mpaka nirudi."

Alupo alikataa. Alimwambia hapo ni mahali pa nywele za watu. Kisha akamaliza kichwa cha bibi harusi, akatoka nje kujinyoosha mgongo, akamkuta mbwa amefungwa kwenye nguzo ya saluni na Kariuki keshaingia Uganda.

Alupo alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mpana wa mabega, na sauti yake ilisikika hata malori yakipiga honi. Saluni yake ilikuwa ya mabati, imeegemea barabara, na aliijenga kwa mikono yake kabla hajaolewa. Mamake alikuwa Mteso wa Amukura na babake Mkhayo, Mluhya wa Nambale. Utotoni, akienda Nambale, shangazi zake walimwita mtoto wa yule Mteso. Akirudi kwa kina mamake, walisema kichwa chake kigumu kimetoka kwa Waluhya. Popote alipokuwa, nusu yake ilikuwa ya kwingine. Hakulilia jambo hilo. Alijifunza lugha zote mbili sawasawa, akawa anamjibu kila mtu kwa ile ambayo mtu huyo hakutarajia aielewe.

Mumewe, Okedi, alikuwa ajenti wa kupitisha mizigo mpakani, mtu mpole anayependwa na wengi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: neno hapana lilimkwama kooni.

Jioni ile Alupo alimweka mbwa juu ya kiti cha wateja, akachukua mashine ya kunyolea. Chini ya mkeka ule wa manyoya alikuta kupe, vidonda, na ngozi ya waridi kama ya mtoto mchanga. Alinyoa polepole, huku akimsema mwenye mbwa wa Kampala kwa maneno ambayo hangeyasema mbele ya mchungaji wake. Mteja mmoja aliyeona mashine ile ikitumika hakurudi tena saluni, hata alipoelezwa kwamba ilikuwa ya zamani na haigusi tena kichwa cha mtu. Sharlyne, binti yake aliyekuwa sekondari, ndiye aliyempa mbwa jina. Alimwita Pamba.

Kariuki aliporudi kutoka Uganda, Pamba alikuwa analala chini ya draya na kuwafuata wateja mpaka barabarani kuwaaga. Mama wa Kampala alikuwa ameshapata mbwa mwingine. Kariuki alisema basi atamtafutia Pamba mtu Nairobi. Alupo alimuuliza ni Pamba yupi anayemzungumzia, na mambo yakaishia hapo.

Sasa, mbele kidogo ya saluni kulikuwa na fundi wa pancha, na fundi huyo alikuwa na mbwa wa kienyeji aitwaye Breki, wa rangi ya kahawia, sikio moja limeraruka. Hakuna aliyepanga chochote kati ya Breki na Pamba. Alupo alishtukia tumbo la Pamba limejaa, akaenda kwa fundi kulalamika kama mzazi wa msichana, na fundi akamsikiliza kwa heshima yote.

Watoto waliozaliwa walikuwa vioja. Walikuwa na manyoya ya kujikunja ya mama, lakini mafupi na magumu, ambayo matope yakikauka yanapukutika yenyewe. Miguu walichukua kwa baba, na wengi wao hata rangi. Walikula ugali na omena bila kuchagua, na sauti yao ilikuwa kubwa kuliko miili yao. Kariuki alichukua mmoja, akamweka kabini. Wakati huo wezi wa dizeli walikuwa wakiwanyonya madereva kwenye foleni bila huruma. Kambwa kale kakawa kakisikia mkono ukigusa tangi kanapiga kelele mpaka foleni nzima inaamka. Habari zilisafiri na malori. Madereva wakaanza kusimama saluni kuuliza, na wao ndio waliowapa mbwa hao jina. Waliwaita pudobreki.

Uzao wa pili Alupo aliukubali mwenyewe, baada ya Pamba kupumzika mwaka mzima. Watoto walikuwa na wenyewe kabla hawajafungua macho.

Mjini Busia kulikuwa na mfugaji aliyeitwa Methuselah Mulama. Alifuga mbwa aina ya Jemani shepad, na aliweza kumtajia mtu baba, babu na baba wa babu wa kila mbwa aliyekuwa uani kwake. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopangwa. Wafugaji wa eneo lote walimheshimu, na kwenye kundi lao la simu hakuna aliyempinga. Aliposikia habari za pudobreki aliandika humo kwamba kuna mwanamke wa Malaba anauza mbwa koko waliosukwa nywele.

Alupo, ambaye alikuwa ameingizwa kwenye kundi lile na fundi wa pancha, alijibu mstari mmoja tu: wake hawajawahi kurudishwa.

Na haukupita muda mrefu, Methuselah mwenyewe akasimamisha gari nje ya saluni.

Alikuja kwa adabu. Aliketi, akanywa chai, akasifia usafi wa mahali. Kisha akasema kwamba amefikiri, na ameona biashara. Watu wa Eldoret na Kampala, wenye nyumba kubwa, walikuwa wanataka mbwa wa ulinzi mwenye manyoya ya kujikunja, asiyemwaga nywele kwenye makochi. Yeye alikuwa na dume, Kaizari, mkubwa kama ndama. Alupo alikuwa na Pamba. Jina la mbwa hao wapya alikuwa ameshalitunga, na wanunuzi kadhaa alikuwa ameshawaahidi.

Alupo alimtazama Pamba aliyekuwa amelala chini ya draya. Kisha akauliza jike wa kimo kile atawatoaje watoto wa dume kama ndama.

Methuselah alisema hilo si tatizo, daktari atampasua. Alupo akauliza, na mwaka unaofuata? Methuselah akasema hata mwaka unaofuata daktari atakuwepo.

Alupo aliinua kikombe cha mgeni, kingali na chai, akakiweka kwenye sinia. "Mzee Mulama, asante kwa kututembelea," alisema. "Pamba si mfuko, eti ufungue zipu, utoe, ufunge."

Methuselah aliondoka akitabasamu, lakini hakusahau.

Mwezi ule mtoto mmoja aliumwa na mbwa wa mtaani karibu na soko la Malaba. Alipata sindano za kichaa cha mbwa na akapona, lakini watu walikuwa wamechemka, na chifu akaitisha baraza kuhusu mbwa wanaozurura. Watu walijaa. Wengine walitaka mbwa wote watiliwe sumu. Wengine walisema shida ni Uganda, mbwa wanavuka bila paspoti, na kicheko kikapoza hewa kidogo. Ndipo Methuselah aliposimama, ametoka Busia na suti yake, akaomba kusaidia kama mtaalamu.

Alizungumza vizuri. Alisema mbwa wa mtaani wanatokana na watu wanaochanganya damu ovyo. Mbwa wa damu safi, alisema, anajulikana tabia yake kabla hajazaliwa, na chotara hajulikani ataamkaje. Alipendekeza kwamba chotara wote wahasiwe na kuzalisha waachiwe wafugaji wanaojua ukoo wa wanyama wao. Vichwa vilitikisika kukubali. Kisha, labda kwa kunogewa na watu, akaongeza kwamba anajua kuna mama pale Malaba atakayepinga, lakini haishangazi chotara kumtetea chotara.

Watu wakacheka, si wote, lakini wa kutosha. Okedi, aliyekuwa ameketi kando ya mkewe, alimshika mkono. Alupo aliutoa mkono ule taratibu, akasimama.

Miaka yote ile ya Nambale na Amukura ilimrudia kwa pamoja, na alijua akianza kwa hasira atalia, na akilia watasema ndivyo chotara alivyo. Kwa hiyo alisubiri kicheko kiishe chenyewe.

"Mimi si mbwa," alisema. "Na mamangu hakupandishwa. Babangu alimtaka, akamfuata Amukura kwa miguu, naye akakubali mbele ya watu. Mulama, hao mbwa wako wa damu safi, kuna jike hata mmoja aliyepata kukataa?"

Alupo akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kushinda honi. Aliwaambia baraza kwamba mtu huyu huyu anayeogopa kuchanganya damu alikuja kunywa chai yake akitaka Pamba azae na Kaizari, akawauzie matajiri chotara kwa jina alilolitunga mwenyewe. Siku hiyo damu haikuwa chafu. Imechafuka baada ya kunyimwa. Alisema hatahasi mbwa wake kwa amri ya mtu anayetaka kubaki peke yake sokoni, na kama kuna sheria ya namna hiyo, chifu amsomee aisikie.

Chifu hakuwa na sheria ya kusoma. Watu walianza kumgeukia Methuselah, na mambo yangekwisha kwa ushindi wa Alupo kama si msichana mmoja aliyekuwa nyuma kabisa barazani. Jina lake lilikuwa Rita, alifanya kazi na kikundi cha kutetea wanyama kutoka Kisumu, na mikononi alikuwa na mbwa amefungwa kwa leso. Alipita mbele bila haraka, akaifungua leso.

Alikuwa pudobreki. Kila mtu wa Malaba alimjua kwa manyoya. Mbavu zilihesabika na jicho moja lilikuwa limeziba kwa usaha. Rita alisema amemwokota kwenye jaa nyuma ya soko. Aliyemnunua alitaka mbwa mweupe, na huyu alipokua akageuka kahawia. Alisema kwa upole, akimtazama Alupo na si Methuselah, kwamba yeye hana ugomvi na damu safi wala damu ya kuchanganya. Alichojua ni kwamba jaa limejaa mbwa wasio na mtu, na kila anayezalisha wengine, kwa jina lolote lile, anaongeza.

Neno hilo lilimwingia Alupo mahali ambapo maneno ya Methuselah hayakufika. Alikuwa amejisifu kwamba mbwa wake hawajawahi kurudishwa. Hakuwa amefikiri kwamba mtu anaweza kutorudisha mbwa na badala yake akamtupa. Methuselah alikuwa anatabasamu tena.

Basi Alupo alitembea mpaka kwa Rita, akanyoosha mikono. "Huyu ni wetu," alisema. "Nipe, anarudi nyumbani." Alimpokea mbwa na usaha wake, akamgeukia kila mmoja aliyekuwa pale. Alisema yeyote mwenye mbwa aliyetoka kwake, akichoka naye, amlete saluni, awe mgonjwa, awe mzee, hataulizwa sababu. Na yeyote atakayemtupa, asije tena hata kusukwa. Kisha akatoka barazani kichwa juu, mbwa kwapani, Okedi akimfuata na kibeti.

Rita alimfuata saluni kesho yake, wakabishana mpaka wakaona njaa. Hawakuafikiana. Rita alishikilia kwamba hakuna haja ya kuzalisha mbwa hata mmoja. Alupo alishikilia kwamba madereva watataka mbwa daima, na wasipopata kwake mbwa aliyelelewa vizuri watapata kwa Methuselah. Lakini walikula pamoja, na tangu siku hiyo Rita akawa hapiti Malaba bila kuingia.

Kisha baba mdogo wa Alupo akafariki Nambale, na Alupo akaenda kwenye matanga. Alimwachia Okedi nyumba, Sharlyne na mbwa, na alimkumbusha kwamba Pamba ameanza joto la kutaka dume, asitolewe nje.

Aliporudi, Sharlyne alimpokea getini macho yamevimba, na chini ya draya saluni Pamba hakuwepo. Okedi alikuwa ameketi kitandani na viatu. Alieleza kidogo kidogo, bila kuinua uso. Methuselah alikuwa amekuja na kikapu cha samaki na maneno matamu, akisema anataka kumaliza uhasama. Kazi za upitishaji mizigo zilikuwa zimekauka miezi ile. Methuselah alijua. Alimwambia Okedi kwamba mwanamume ndiye msemaji wa nyumba, na kwamba Pamba angekaa Busia siku chache tu na kurudi kama alivyokwenda. Okedi alisema alitaka kukataa. Alupo alimwambia anajua kwamba alitaka.

Hakumgombeza. Pengine ingekuwa rahisi kwa Okedi kama angegombezwa. Alibadilisha viatu vya matanga, akavaa raba, akasimamisha boda boda, akaenda Busia akiwa bado amefunga kitambaa cheusi kichwani.

Askari wa geti la Methuselah alimjua, akasita, na katika kusita kwake Alupo akapita. Uani kulikuwa na vibanda vya waya vilivyopangwa pande mbili, sakafu ya simenti iliyooshwa, na harufu ya dawa. Mbwa wote walibweka kwa pamoja. Pamba alikuwa kibanda cha mwisho, amejikunyata pembeni, na alipomwona Alupo hakusimama. Alitikisa mkia akiwa amelala.

Methuselah alitoka nyumbani akifunga vifungo vya mikono. Alisema mama atulie, mambo yamekwisha kwa makubaliano, mumewe alikubali.

"Okedi hana mbwa," Alupo alisema. "Okedi ana mke."

Methuselah alimwonya kwamba yuko ndani ya ua wa mtu, na kwamba akitaka anaweza kufungulia mbwa. Alupo alikuwa ameshaanza kutembea katikati ya vile vibanda. "Fungulia," alisema bila kugeuka.

Alikuwa anaogopa. Kila dume aliyejirusha kwenye waya alimfanya abane meno. Lakini aliendelea kutembea, na nyuma yake hakusikia kitasa kikifunguliwa. Katikati ya njia alisimama mbele ya kibanda kimoja. Ndani kulikuwa na Jemani shepad jike, mzee, chuchu zimelegea mpaka zinagusa simenti, tumboni mishono juu ya mishono. Huyo hakubweka. Alupo aliuliza anaitwa nani. Methuselah alifikiri kidogo, kisha akataja jina la dume aliyezaa naye mara ya mwisho.

Alupo alifungua kibanda cha Pamba, akambeba. Walipopishana getini, Methuselah alimwambia kwa sauti ya chini kwamba amechelewa, Kaizari ameshampanda asubuhi, na kwamba wakizaliwa nusu itakuwa yake. Alupo alitoka. Alipanda boda boda, akamfunga Pamba kifuani kwa leso kama mtoto, wakapita Adungosi kurudi Malaba.

Daktari wa mifugo wa Malaba, kijana mwenye haraka, alisema njia ni mbili. Wangeweza kusubiri na kuona, na ikibidi kumpasua siku za kuzaa zikifika. Au angemfunga kizazi mapema na kuondoa mimba kama ilishika, na Pamba hatazaa tena maisha yake yote.

Ghafla kila mtu alikuwa na la kusema. Madereva waliokuwa wanangoja uzao wa tatu walipiga simu kutoka njiani. Hata Kariuki alimsihi afikiri, kwa sababu alikuwa amemwahidi nduguye. Akina mama wa kanisani walikuja kumwambia kwamba kufunga tumbo lililoumbwa na Mungu ni dhambi, na mmoja wao ndiye yule aliyekuwa akitaka mbwa wote watiliwe sumu. Fundi wa pancha alimkumbusha kwamba jina la pudobreki linajulikana mpaka Kigali, na kwamba mtu hakati mti unaozaa. Rita peke yake alinyamaza. Alijua angefurahi kupita kiasi, na akaona haya.

Okedi naye alisubiri wengine waondoke. Alisema atakubali lolote, lakini huenda kusubiri hakungedhuru, huenda hata mimba haikushika.

"Na ikishika?" Alupo alimuuliza. "Nimngoje apasuliwe ili Mulama aone watoto wake wanafananaje? Wote mnaniambia anazaa vizuri. Hakuna aliyeniambia amechoka au hajachoka. Mimi ndiye ninayemwona akilala. Pamba amefunga uzazi."

Siku ya upasuaji Okedi aliacha kazi zake, akaja bila kuitwa. Alimshika Pamba kichwa wakati wa sindano, akikaza macho ukutani kwa sababu damu humtia kizunguzungu, na hakumwachia mpaka usingizi ulipomchukua. Alupo aliona hayo, akamsogezea kiti. Nyumbani hawakulizungumza tena. Lakini Methuselah aliporudi na kikapu kingine, Okedi alikutana naye barabarani, na watu wa duka la karibu wanasema walimsikia akisema hapana mara kadhaa mfululizo, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Baada ya Pamba, Alupo alimpeleka na Breki akahasiwe. Fundi wa pancha alipinga kwa uchungu kuliko Breki mwenyewe, na kwa wiki nzima hakumsalimu. Kwa hiyo pudobreki wa Malaba waliishia kwa wale waliokuwa wameshazaliwa. Wawili walirudishwa saluni, mmoja na dereva aliyeacha kazi, mwingine na mjane wa dereva, nao wakapokewa bila maswali. Yule wa jaa alipona, ila jicho moja halikuona tena. Kila mwaka siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Rita huja na masanduku ya barafu, na foleni ya mbwa na wenyewe huanzia mlango wa saluni.

Methuselah hakuanguka. Alinunua pudo wake Nairobi, akatengeneza chotara wake wakubwa, na ubao wa tangazo lake unaonekana ukiingia Busia kutoka Nambale. Wanaonunua ni wengi. Kuna watu Malaba wanaosema wazi kwamba Alupo aligundua dhahabu akaifukia mwenyewe, na wanamwambia usoni akiwasuka. Yeye huwaambia wakae sawa, nywele zitapinda.

Juzijuzi mama mmoja alisimamisha gari kubwa nje, na mtoto wake kiti cha nyuma. Walikuwa wametoka Eldoret. Alisema ameelekezwa hapa kwa mbwa halisi, si wale wa Busia, na alitaka mdogo, mwenye manyoya laini, ikiwezekana mweupe. Alupo alimweleza kwamba hazalishi tena, lakini kama mtoto anataka rafiki, nyuma kuna mmoja aliyeletwa na Rita wiki hiyo, mpole, amechanjwa, anahitaji tu mtu.

Mtoto alishuka. Mbwa alikuja akamnusa mikono. Alikuwa wa kienyeji tu, mweusi, na mkia uliopinda.

"Lakini huyu ni mbwa koko," mama alisema.

"Ndiyo," Alupo alisema. "Na kama yeye humwezi, hata Pamba nisingekupa."

Mama alimwita mtoto garini, akapandisha kioo. Gari liliondoka kwa kasi, likalazimika kusimama mita chache mbele, kwa sababu malori yalikuwa yamefunga barabara tena. Alupo alirudi ndani. Mteja aliyekuwa kitini alimuuliza kama hakuona hasara kumfukuza mtu wa gari kama lile, naye akasema hakumfukuza, amemwambia bei.